Nafsi ya Pili

Nélida Huamaní aliendesha basi namba nne
miaka kumi na mmoja, stesheni hadi hospitali,
bila kuchelewa hata theluji ilipofika magotini.
"Kama mmoja wetu," tulisema,
tukadhani tumempa zawadi.

Kisha Machi,
Taisto wa ghorofa ya tatu akafa peke yake
akalala sakafuni siku tisa.
Magazeti yalijaa kwenye tundu la barua mlangoni pake.
Niliyaona.
Niliyasukuma ndani kwa vidole viwili
ili ngazi ipendeze.

Nélida ndiye aliyewaita polisi.
Tena ndiye aliyeliandikia gazeti la mji,
mistari kumi na tisa:

*Nchi hii hupasha joto barabara zake watu wasiteleze,
lakini kati ya mlango na mlango kuna barafu.
Hapa mbwa husalimiwa kwa jina.
Nilikozaliwa, Ayacucho, maiti hasubiri harufu imtangaze.
Ukimya huu mnauita heshima.
Ni woga.*

Woga!
Watu ambao majira yote ya baridi
hatukubadilishana hata neno juu ya hali ya hewa
tulipata ndimi.
Kwenye sauna ya jengo, zamu ya wanawake,
mvuke ulikuwa haujapanda, maneno yameshapanda:
amekula, amevimbiwa, sasa anatema kwenye chungu.
Kwao je, hakufi mtu?
Ndege zipo. Kila siku zipo.

Diwani Rauno alisimama mkutanoni akasema
shukrani ndiyo lugha ya kwanza ya mhamiaji,
akapigiwa makofi, na mimi nilipiga.
Kampuni ya mabasi ikampa likizo asiyoiomba.
Mtu akamchorea tiketi kwa penseli za rangi,
Kajaani hadi Lima, kwenda tu,
akaibandika mlangoni pake, kwa ustadi, kingo zimenyooka.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Jembe tulimpa; lilikuwa na magurudumu sita.
Ulimi haukuwamo katika mkataba.

Siku ya Alhamisi nikashuka kwenda kwake
na hotuba yangu nimeikariri:
vita alivyopigana babu yangu, njaa, magome ya misonobari
yaliyosagwa kuwa unga wa mkate,
wewe unajua nini juu ya ukimya wetu?
Nikagonga.

"Wewe ni wa kumi na tano," akasema.
"Wiki hii pekee. Miaka kumi na mmoja, hakuna aliyegonga.
Ingia, hapo mlangoni pana baridi."

Mezani, vikombe visivyooshwa.
Wengine walikuwa wamekuja kufoka
wakaondoka na kahawa tumboni
na hakuna aliyetuambia sisi wengine.

Hotuba ikanipotea.
Nikasema: magazeti. Nilikuwa nayaona.
"Najua," akasema. "Nilikuona."
Hakunifariji. Akatafuta kijiko.
"Na mimi nilipita pale siku nne
kabla sijapiga simu. Nimeshakuwa wa hapa."

Akatoa nakala yake kwenye droo,
mwandiko wa kulala, wino wa buluu,
akaniwekea kidole kwenye mstari wa mwisho.
*Ukimya huu tunauita heshima.*
Tunauita.
"Mhariri alinisahihisha," akasema.
"Alidhani nimekosea nafsi."

Nilibaki na kikombe mkononi
hadi kikapoa.

Sasa amerudi kwenye namba nne.
Gazeti halikuchapisha masahihisho,
Rauno bado ni diwani,
na tiketi ile ameiweka kwenye kioo cha basi,
penye kibali cha kazi.

Nisiseme kwamba tumebadilika.
Jana, kwenye lifti, nilimsalimia kijana
aliyehamia kwa Taisto.
Akatazama viatu vyake,
kisha vyangu.